Simama Penye "Kwa Hiyo"

Ninyi mlioko darasani, sogeeni karibu na redio. Ninyi mnaosoma maneno haya kijitabuni baada ya kipindi kwisha, someni polepole, wala msione haya kurudia mstari mara mbili. Kila mtu awe na penseli na karatasi.

Leo hatujifunzi namna mpya ya kuhesabu. Leo tutapekua kazi za watu mashuhuri waliotaka kuthibitisha mambo ya namba, tuone walikosea wapi, na makosa yao yalitengenezwaje. Najua wengine mnacheka. Mtu aliyeanza kusoma mwaka jana amsahihishe mwanachuoni wa Ulaya? Ngojeni kidogo. Kabla ya kipindi kwisha mtakuwa mmemsahihisha mmoja, na kwa kuzidisha tu.

Tuanze na machungwa. Namba shufwa ni ile ambayo ukiyapanga machungwa yake mawili mawili halibaki hata moja. Nane ni shufwa: ni jozi nne. Namba witiri ni ile ambayo ukiyapanga hivyo hubaki moja. Saba ni witiri: jozi tatu, na chungwa moja pembeni. Sasa bwana mmoja asema, "Ukijumlisha namba witiri mbili, jibu ni shufwa daima." Twamwuliza, umejuaje? Ajibu, "3 na 5 ni 8. 7 na 9 ni 16. 11 na 1 ni 12. Kwa hiyo ni hivyo daima."

Simameni hapo penye "kwa hiyo". Bwana huyu ametuonyesha mara tatu, na namba hazina mwisho. Neno alilosema ni kweli, lakini hakulithibitisha. Ni kama shahidi mahakamani anayesema kweli juu ya jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Hakimu hawezi kumkubali.

Aja bibi mmoja, mwangalifu zaidi. Asema, "Namba witiri ya kwanza ni jozi kadhaa na chungwa moja. Namba witiri ya pili nayo ni jozi hizo hizo na chungwa moja. Nikiyakusanya yote, jozi zabaki kuwa jozi, na yale machungwa mawili ya pembeni yafanya jozi mpya. Halibaki kitu. Kwa hiyo jumla ni shufwa."

Huo ni uthibitisho mzuri, nao haukutegemea kujaribu namba moja moja. Lakini kuna neno ndani yake lililouharibu. Mwalimu wa darasa, tafadhali nyamaza kidogo, waache watafute wenyewe.

Mmeliona? Ni "hizo hizo". Kwa kusema hivyo amezipa namba zote mbili idadi moja ya jozi. Maana yake amesema habari za 7 na 7, au 9 na 9. Habari za 7 na 9 hakuzigusa kabisa. Wanafunzi wa sekondari hufanya kosa hili wanapoandika herufi moja kwa namba mbili zilizo mbalimbali. Dawa yake ni ndogo. Futa "hizo hizo", andika "jozi kadhaa nyingine, zikiwa sawa na zile au zisiwe sawa". Yaliyobaki yote yasimama kama yalivyokuwa.

Basi kosa laweza kukaa penye "kwa hiyo", na laweza kujificha katika neno dogo kabla yake. Kwa silaha hizo mbili twaweza kuingia katika historia.

Mtu wetu wa kwanza alikuwa mtu wa mahakama kweli. Jina lake Pierre de Fermat, Mfaransa, mshauri katika mahakama kuu ya mji wa Toulouse. Hesabu haikuwa kazi yake ya mshahara. Aliifanya kwa kuipenda, na mambo aliyoyapata alizoea kuyaandika katika barua kwa rafiki zake. Alifariki mwaka 1665.

Fermat alipenda hasa namba tasa. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. 15 si tasa, maana ni 3 mara 5. Watu wengi walitafuta kanuni itakayotoa namba tasa tupu. Mwaka 1640 Fermat aliona ameipata. Fanyeni naye. Andika 2. Zidisha 2 kwa yenyewe, wapata 4. Zidisha 4 kwa yenyewe, wapata 16. Zidisha 16 kwa yenyewe, wapata 256. Zidisha 256 kwa yenyewe, wapata 65,536. Sasa kila namba iongezee 1. Mtakuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537.

Hizo zote tano ni tasa. Fermat akamwandikia rafiki yake Frénicle kwamba namba zote zipatikanazo kwa njia hii ni tasa, hata uendelee mpaka wapi. Nasi tumtendee haki: alikiri katika barua hiyo kwamba uthibitisho kamili hana. Alisema amekwisha kuondoa vigawo vingi sana, na moyo wake umesadiki. Lakini hakuiacha imani hiyo; aliirudia katika barua zake kwa miaka mingi.

Namba ya sita ni ipi? Zidisha 65,536 kwa yenyewe, ongeza 1. Yatoka 4,294,967,297. Namba ya tarakimu kumi. Kuizidisha si kazi. Kazi ni kujua kama kuna namba iwezayo kuigawanya.

Karibu miaka tisini ikapita. Tarehe 1 Desemba 1729 mtu aitwaye Christian Goldbach alimwandikia barua kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha wanasayansi cha St Petersburg, Urusi. Kijana huyo ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi. Mwishoni mwa barua Goldbach akauliza, kama kwa kupitia tu: je, wazijua habari za Fermat, kwamba namba zake zote ni tasa? Mwanzoni Euler hakuzitilia maanani. Goldbach akasisitiza. Mwaka 1732, Euler akiwa na umri wa miaka 25, akaleta jibu: namba ya sita yagawanyika kwa 641.

Sasa kazi ni yenu. Msinisadiki mimi wala Euler. Mwalimu, andika ubaoni: 6,700,417 mara 641. Tuzidishe kwa vipande.

6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200.
6,700,417 mara 40 ni 268,016,680.
6,700,417 mara 1 ni 6,700,417.

Jumlisheni, mkianza mkono wa kulia. Mkipata 4,294,967,297, mmekwisha kumsahihisha Pierre de Fermat. Namba yake ya sita si tasa. Namba moja imetosha kuvunja neno "zote". Zile tano za kwanza, zingekuwa hata elfu, zisingeweza kuliokoa.

Euler aliipataje 641? Hakubahatisha. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba ile ya sita lazima kiwe cha namna hii: chukua 64, izidishe mara kadhaa, ongeza 1. Andikeni orodha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Zisizo tasa zifuteni, maana tumesema twatafuta kigawo kilicho tasa. 65 yagawanyika kwa 5; 129 kwa 3; 321 kwa 3; 385 kwa 5; 513 kwa 3. Zabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribu nne za kwanza, zakataa. Ya tano yakubali. Kugawanya mara tano tu!

Na mtu asiyeijua njia hiyo ya Euler je? Angeanza na 2, kisha 3, 5, 7, akifuata namba tasa zote kwa zamu. 641 ni namba tasa ya 116. Basi darasa la watu 20, kila mmoja akipewa namba sita za kugawanyia, lingeipata 641 jioni moja kabla taa haijazimwa. Hapo ndipo ninapomshangaa Fermat. Chombo cha kufupisha kazi alikuwa nacho: mwaka huo huo wa 1640 alitumia njia inayofanana na ile ya Euler akaonyesha kwamba namba nyingine kubwa, 137,438,953,471, yagawanyika kwa 223. Mtu awezaye hilo asingeshindwa na 641. Nionavyo mimi, alitaka mno kanuni yake iwe kweli, na mtu akitaka mno jambo liwe kweli hulikagua kwa jicho moja.

Na kanuni ile ilifika wapi? Mpaka leo, pamoja na mashine zote za kuhesabu, haijapatikana namba tasa ya sita ya Fermat. Zinazojulikana ni zile zile tano alizokuwa nazo mezani mwaka 1640.

Tumwache, turudi nyuma sana, mpaka Alexandria, mji wa Misri tuuitao pia Iskanderia, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Huko alikuwako Euclid, aliyethibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Uthibitisho wake umenakiliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na katika kunakiliwa huharibiwa mara nyingi. Nitawasomea namna ulivyoharibiwa. Ninyi mtafute kosa.

"Chukua namba tasa zote ulizo nazo. Zizidishe pamoja, kisha ongeza 1. Namba hii mpya haigawanyiki kwa tasa yoyote uliyokuwa nayo, maana kila mara hubaki 1. Kwa hiyo namba hii mpya ni tasa. Basi daima waweza kupata tasa nyingine, wala hazina mwisho."

Tulikubaliana kusimama penye "kwa hiyo". Mbele yake pamesemwa nini? Kwamba namba mpya haigawanyiki kwa tasa zile tulizo nazo. Nyuma yake pamesemwa nini? Kwamba haigawanyiki kwa tasa yoyote. Hayo ni maneno mawili mbalimbali. Asiyeuawa na simba wa mbuga hii aweza kuuawa na simba wa mbuga nyingine.

Tujaribu. 2, ongeza 1, ni 3. 2 mara 3, ongeza 1, ni 7. Mara 5: 30 na 1 ni 31. Mara 7: 210 na 1 ni 211. Mara 11: 2,310 na 1 ni 2,311. Zote tano ni tasa! Mtu mwenye haraka angeweka penseli chini akaenda kulala. Endeleeni. Mara 13: 30,030 na 1 ni 30,031. Sasa zidisheni 59 kwa 509. 59 mara 500 ni 29,500. 59 mara 9 ni 531. Jumla 30,031. Si tasa. Tazameni ajabu hii ndogo: mara tano kweli, mara ya sita uwongo, kama zile za Fermat.

Je, uthibitisho wa Euclid umekufa? La. 59 na 509 ni namba gani? Ni tasa zote mbili, na hazikuwamo katika orodha yetu ya 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Haziwezi kuwamo, maana zilizomo zote zabakiza 1. Na kila namba kubwa kuliko 1, kama si tasa, yavunjika katika namba ndogo zaidi, nazo zikivunjwa na kuvunjwa mwishowe twafika penye tasa. Basi futeni sentensi ile iliyooza, mwandike: "Kwa hiyo ama namba hii mpya ni tasa, ama yagawanyika kwa tasa isiyokuwamo katika orodha." Kwa njia yoyote tumepata tasa mpya. Hivyo ndivyo Euclid mwenyewe alivyosema katika sehemu ya tisa ya kitabu chake. Aliyekosea si mwenye mali, ni wachukuzi.

Kosa la tatu ni la wakubwa, nalo lilitokea mbele ya watu. Mnajua kwamba 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, na jumla yake, 25, ni 5 mara 5. Fermat yule yule alisema kwamba ukizidisha namba kwa yenyewe mara tatu badala ya mara mbili, kama 2 mara 2 mara 2, hutapata kamwe namba mbili za namna hiyo zinazojumlika kuwa ya tatu. Wala kwa mara nne, wala tano, wala zaidi. Safari hii alisema uthibitisho anao. Hakuuandika.

Tarehe 1 Machi 1847, katika Chuo cha Sayansi cha Paris, Gabriel Lamé alisimama akatangaza kwamba ameupata. Akamshukuru mwenzake, Joseph Liouville, kwa fikira iliyomsaidia. Alipokwisha, Liouville huyo huyo akasimama, akauliza swali moja, nalo likaivunja furaha ya siku ile.

Ili mlielewe swali, vunjeni 60. Mmoja wenu aanze na 6 mara 10, mwingine na 4 mara 15. Endeleeni mpaka zibaki tasa tupu. Nyote mtafika penye 2, 2, 3 na 5. Kwa namba zetu za kawaida ni hivyo daima, na jambo hilo limethibitishwa. Lakini Lamé alikuwa ametumia namba za namna nyingine, alizozitunga kwa kazi ile. Liouville akauliza: umejuaje kwamba hizo nazo zavunjika kwa njia moja tu?

Swali hilo si la kuchokoza. Fikirini kijiji ambacho watu wake wazijua namba shufwa tu: 2, 4, 6, 8, 10 na kuendelea. Tatu hawaijui, tisa hawaijui. Kwao 6 haivunjiki, maana 3 haipo. 18 nayo haivunjiki, maana 9 haipo. Kwao hizo ndizo tasa. Sasa wavunje 36. Mmoja apata 6 mara 6. Mwingine apata 2 mara 18. Wote wamefika mwisho, wala hawakufika mahali pamoja. Mwenye kuthibitisha jambo katika kijiji hicho akisema "tutafika pamoja, kama kawaida", amekwisha kupotea.

Lamé alikuwa amepotea hivyo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ikasomwa pale Paris barua ya Mjerumani Ernst Kummer, mwalimu wa chuo cha Breslau, mji uitwao leo Wrocław, katika Poland. Kummer alieleza kwamba namba za namna ile si zote zinazovunjika kwa njia moja, na kwamba yeye alikwisha kuchapisha jambo hilo mwaka 1844. Lakini hakuishia kubomoa. Alitunga namna ya namba za kusaidia, zilizofanya kazi ambayo katika kijiji chetu ingefanywa na 3 na 9 zilizokosekana, na kwa hizo akathibitisha neno la Fermat katika sehemu kubwa, ingawa si yote. Kosa la Lamé lilipotengenezwa, lilizaa elimu mpya kubwa kuliko lile jambo alilolitafuta.

Neno lenyewe la Fermat lilingoja mpaka Mwingereza Andrew Wiles. Alitangaza uthibitisho mwaka 1993. Wakaguzi wakapita mstari kwa mstari, wakakuta mahali ambapo "kwa hiyo" haikuwa na shahidi. Alihangaika karibu mwaka mzima, akisaidiwa na Richard Taylor aliyekuwa mwanafunzi wake, na Septemba 1994 pengo likazibwa. Ukachapishwa mwaka 1995.

Wakati wetu umekaribia kwisha. Kazi ya nyumbani ni hii. Chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyo hiyo, kisha jumlisha 41. Ukianza na 1 wapata 43. Ukianza na 2 wapata 47. Na 3, wapata 53. Na 4, wapata 61. Zote ni tasa. Euler aliandika kanuni ya namna hii mwaka 1772, wakati ambapo macho yake yalikuwa karibu yamekufa kabisa na alihesabu kichwani. Mtu mmoja amejaribu namba zote kuanzia 1 mpaka 39, akapata tasa mara zote 39, naye asema, "Kwa hiyo kanuni hii hutoa tasa daima."

Tafuteni namba itakayomkatalia. Msianze kuzidisha ovyo; itazameni kwanza kanuni yenyewe, hasa ile 41, mjiulize ni namba gani mkiianza nayo, 41 itagawanya kila kipande. Mkiipata, jaribuni pia namba iliyo nyuma yake kidogo. Leteni majibu darasani wiki ijayo, kila mtu na karatasi yake. Kwaherini.